Mchezo wa Simba na Kijitabu cha Kumtayarisha Mtoto

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kutuona tukipima vitabu vya hadithi na michezo ya shule. Mwezi huu twataka kupima kitu kilicho kidogo kuliko kitabu, nacho ni kile kijitabu ambacho mzazi humsomea mtoto wake nyumbani kabla hawajaenda kutazama mchezo wa kuigiza. Hakuna mtu atakayekihesabu katika vitabu vya sifa. Walakini vijitabu vya namna hii tumevisoma mara nyingi kuliko vitabu vingi vilivyotufikia mwaka huu, na tunayo maneno ya kuvisifu na maneno ya kuvilaumu.

Kwanza habari yenyewe. Jumapili mchana, tarehe 2 Oktoba 2011, katika nyumba ya michezo iitwayo Minskoff mjini New York, ulichezwa mchezo wa The Lion King mbele ya watazamaji ambao kwa kawaida hawakukaribishwa mahali pale. Nyumba ile ina viti zaidi ya 1,600. Chama kiitwacho Theatre Development Fund kilinunua tikiti zote za mchana ule, kikaziuza kwa bei nafuu kwa jamaa zenye watoto wenye usonji. Katika nyumba kubwa za Broadway jambo hili lilikuwa halijapata kufanywa. Miaka miwili baadaye, mwaka 2013, mchezo uo huo ulichezwa vivyo hivyo mjini London, na tangu hapo desturi imeenea katika nyumba nyingi za Uingereza na Marekani. Waingereza huyaita maonyesho ya namna hii kwa neno lenye maana ya kulegeza, kama mtu alegezavyo kamba iliyomkaza mnyama shingoni.

Yafaa tueleze usonji ni nini, maana vijijini mwetu hali hii ina majina mengi, na mengi yao si ya heshima. Usonji si ugonjwa wa kuambukizwa, wala si laana, wala hautokani na mama kukosa mapenzi kwa mtoto wake. Ni namna ya ubongo kukua ambayo mtu huzaliwa nayo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa mji wa Baltimore aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza, na tangu siku hizo elimu imeongezeka sana. Wako wenye usonji wasemao kwa ufasaha, na wako wasiosema neno. Lakini wengi wao hushirikiana katika jambo moja, kwamba milango ya fahamu zao haifungwi kama yetu. Kengele ya shule, ambayo sisi twaisikia na kuisahau, kwa mtoto wa namna hii yaweza kuwa kama kofi la usoni. Mwanga unaowaka na kuzimika ghafula humtesa. Tena jambo asilolitazamia humtia hofu kubwa, hata likiwa jambo jema.

Basi mtu aweza kuuliza, kwa nini walichagua mchezo ule ili kuanzia? Kwa maana The Lion King si mchezo mpole. Ulianza New York tarehe 13 Novemba 1997, ukiongozwa na Bi. Julie Taymor, na tangu mwanzo sifa yake imekuwa ukubwa wa sauti na wingi wa mambo ya kutazamwa. Pazia likifunguka tu, husikika mlio mkali wa mwimbaji kwa Kizulu. Kisha wanyama hawatokei jukwaani peke yake, bali huja kutoka nyuma ya watu, wakipita katika njia zilizo kati ya viti, tembo na ndege na swala, na ngoma zikipigwa pande zote mbili. Mtazamaji wa kawaida hushtuka kwa furaha. Mtoto asiyevumilia mshtuko afanyeje?

Sisi twaujua mchezo huu kwa sababu nyingine pia. Majina yake yamechotwa katika lugha yetu: Simba, Rafiki, Sarabi. Fisi mmoja aitwa Shenzi, na ngiri aitwa Pumbaa. Twakiri kwamba jina hili la mwisho lilituchoma kidogo. Neno lilo hilo ndilo watu walitupalo kwa mtoto akaaye pembeni akitikisa vidole vyake mbele ya macho, husema amepumbaa. Katika mchezo, Pumbaa ndiye mnyama ambaye watoto humpenda kuliko wengi. Hatudhani waliompa jina hilo walilitazama jambo hili.

Turudi kwenye kazi. Siku ya onyesho lililolegezwa, hadithi haikatwi. Taa za mahali wakaapo watu hazizimwi kabisa, ili mtoto aone mkono wa mama yake. Sauti zilizo kali hupunguzwa, na taa zinazomweta hupunguzwa au kuondolewa. Milango haifungwi, atakaye kutoka atoke, atakaye kurudi arudi, wala hakuna wa kumkazia macho. Nje huwekwa mahali patulivu pa kupumzika, pamoja na watu waliofundishwa kuwasaidia watoto. Wachezaji nao huambiwa mapema kwamba watasikia kelele, watamwona mtu akisimama au akirukaruka, na wasidhani kuwa wanadharauliwa.

Tulipokuwa hatujasoma habari hizi vema tuliogopa kwamba mchezo utakuwa umechujwa hata ukawa kama uji wa mgonjwa. Hofu hiyo imetutoka, na yaliyoiondoa ni mauti ya Mufasa. Wajuao hadithi wakumbuka: kundi la nyumbu lakimbia bondeni, mwana yu katikati, baba amwokoa, naye baba aangushwa na ndugu yake mwenyewe. Bi. Taymor aliwafanya nyumbu waonekane wadogo sana mbali nyuma ya jukwaa, kisha wakubwa zaidi, kisha wakubwa kabisa, hata mtazamaji huona kana kwamba watamfikia yeye. Hapo sauti yaweza kushushwa, na kishindo bado kipo, kwa sababu kimo machoni. Kisha majike ya simba hulia. Nayo machozi yao ni vitambaa vyeupe wanavyovivuta polepole kutoka machoni. Msiba ule hauna kelele yoyote. Wenye kulegeza onyesho wameshusha ngoma, wameuacha msiba, na sisi twaona wamefanya vema. Mtoto mwenye usonji hakuomba afichwe kifo. Babu yake hufa kama wa wenzake.

Tena kuna jambo katika mchezo huu ambalo twalistaajabia, nalo huonyesha kwamba uchaguzi wao haukuwa mbaya. Bi. Taymor hakumficha mtu ndani ya mnyama. Kinyago cha Mufasa hukaa juu ya kichwa cha mchezaji, na uso wa mtu waonekana wazi chini yake. Mtu achezaye twiga hutembea kwa magongo manne, nasi twamwona mtu na twiga pamoja. Watoto wengi wenye usonji huogopa vinyago, na kwa haki, kwa kuwa kinyago humfanya mtu ajulikanaye awe mtu asiyejulikana. Mchezo huu wasema tangu mwanzo: huyu ni mtu, na huyu ni simba, tazama vyote viwili. Kwa hiyo tayari umefanya nusu ya kazi ya kijitabu.

Sasa tufike kwenye kijitabu. Kwa kawaida ni kurasa chache zenye picha halisi na maneno mafupi, nacho husema kwa sauti ya mtoto mwenyewe. Leo ninakwenda kutazama mchezo. Hii ndiyo nyumba yenyewe. Mlangoni mtu atatazama mfuko wangu. Huyu ataangalia tikiti. Hiki ndicho kiti. Watu wakipenda jambo watapiga makofi, na nikitaka naweza kuziba masikio yangu. Kutakuwa na pumziko. Choo kiko hapa. Mchezo ukiisha tutarudi nyumbani. Mzazi hukisoma pamoja na mtoto siku nyingi kabla, jioni baada ya jioni, hata safari yenyewe ikawa kama kurudia jambo lililokwisha kufanyika. Pamoja nacho mara nyingi huja karatasi ya mzazi, imwelezayo ni wapi katika mchezo patakuwa na kishindo na wapi patakuwa na giza. Baadhi ya nyumba za michezo hukaribisha jamaa siku nyingine kabla, wajaribu viti pasipo watu.

Mwenye kubuni uandishi wa namna hii ni Bi. Carol Gray, mwalimu wa jimbo la Michigan, aliyeanza kazi hiyo karibu na mwaka 1990. Kanuni yake twaipenda sana, nasi twatamani walimu wote waijue. Amesema kwamba maneno yaelezayo jambo lilivyo yazidi kwa mbali maneno yaamuruyo. Yaani usimwambie mtoto tu, nyamaza. Mweleze kwanza kwa nini watu hunyamaza, na wanaponyamaza husikia nini. Sisi tuliokulia chini ya fimbo na ubao twajua jinsi kanuni hii ilivyo ngumu. Mwalimu huanza kueleza, na katika sentensi ya tatu tayari anaamuru.

Na hapa ndipo twaanza kulaumu, maana waandishi wengi wa vijitabu wameanguka katika shimo lilo hilo. Huanza vizuri, wakieleza mlango na kiti. Kisha, wakifika kwenye mchezo wenyewe, hubadilika wakawa askari. Nitaketi. Nitatumia sauti ya chini. Sitagusa kiti kilicho mbele yangu. Kwa onyesho ambalo sifa yake yote ni kwamba mtoto hatalazimishwa kuketi, maneno haya ni kigeugeu. Mlangoni waandika karibu ulivyo, na ndani ya kijitabu waandika sharti.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi. Vingi tulivyosoma hueleza jengo kwa kurasa nyingi, na hadithi kwa kurasa chache. Mtoto ataambiwa vizuri kwamba Minskoff hufikiwa kwa ngazi zinazojiendesha zenyewe, na hilo ni jema, maana ngazi za namna hiyo huwatisha hata watu wazima waendao mjini mara ya kwanza. Lakini kwa nini Simba akimbia baada ya baba yake kufa? Amekimbia kwa sababu ameambiwa uwongo kwamba ni yeye aliyemwua. Hii ndiyo roho ya mchezo, na haionekani kwa macho wala haisikiki kwa sikio. Mtu hana budi kuifahamu. Mtoto ambaye huona taabu kusoma mawazo katika nyuso za watu, ndiye hasa ahitajiye kuelezwa fundo hili. Kumweleza choo kiko wapi na kumwacha gizani juu ya aibu ya Simba, ni kudhani kwamba amekuja kutazama jengo.

Wako watakaosema kinyume: kumweleza hadithi mapema ni kumwibia utamu wake. Tulimsikia mwalimu mwenzetu akisema hivyo kwa ukali. Twamjibu kwa kumkumbusha jioni za utotoni mwake. Bibi aliposema hadithi hadithi, nani kati yetu aliyeomba hadithi mpya? Tuliomba ile ya jana, sungura na fisi, tena kwa maneno yale yale, na bibi akikosea neno tulimkatiza. Tulijua sungura atashinda. Utamu ulikuwa katika kumngojea ashinde. Atakaye kushtukizwa ni mtu mzima aliyechoka.

Liko swali jingine ambalo si la kijitabu, bali la siku yenyewe. Je, kutenga siku moja ni fadhili au ni ukuta? Mwaka 2011 mwanamke mmoja wa London, Bi. Jess Thom, ambaye ana hali ya Tourette imfanyayo atoe sauti na maneno pasipo kupenda, alikwenda kutazama mchekeshaji. Watu walinung'unika, naye akaombwa aketi katika chumba cha mitambo ya sauti. Alitoka akilia. Mwaka 2014 alitunga mchezo wake mwenyewe, akasema kwamba jukwaani ndipo mahali pekee ambapo hakuna awezaye kumwambia atoke. Tena Septemba 2015, mjini New York, katika mchezo wa The King and I, mtoto alipaza sauti wakati wa tendo la huzuni. Watazamaji walimkemea mama yake aliyekuwa akijitahidi kumtoa. Mmoja wa wachezaji, Bw. Kelvin Moon Loh, aliandika habari hiyo siku ile ile, nayo ikasomwa na watu wengi mno. Alisikitika, si kwa ajili ya kelele ya mtoto, bali kwa ajili ya watu waliosahau huruma huku wametoka nyumbani kutazama hadithi ya kuwapa huruma. Onyesho lile halikuwa lililolegezwa. Mama yule alikuja siku ya watu wote.

Wenye kutaka ukimya husema ndiyo desturi ya sanaa tangu zamani. Si kweli. Katika Globe ya Shakespeare, iliyojengwa London mwaka 1599, watu walisimama mchana kweupe, wakila na kunena na kuwajibu wachezaji. Desturi ya kuwaketisha watu gizani kimya ilipata nguvu nyingi mwaka 1876, Richard Wagner alipofungua nyumba yake mjini Bayreuth na kufifiza taa za watazamaji. Ni desturi changa, basi, na ina faida zake. Sisi wenyewe twapenda kusikia maneno ya mchezo pasipo mtu kutuzungumzia sikioni. Lakini kijana wa karne moja na nusu asijifanye mzee wa ukoo. Kwetu msimulizi hutaka ajibiwe, na ngoma isiyo na mtu wa kuingia uwanjani ni ngoma iliyokufa.

Hukumu yetu ni kwamba siku iliyotengwa ni njema kama mlango wa kuingilia, na ni mbaya ikiwa ndiyo chumba cha kukaa. Mtoto aliyetazama mara tatu katika siku ya kulegezwa, na mama yake aliyejifunza kutoogopa macho ya watu, huenda mara ya nne wakaja siku ya kawaida. Lakini hapo ndipo kijitabu kingine chahitajika, nacho hatujakiona: kile cha kuwatayarisha wale wengine. Jirani yako leo huenda akapiga kelele. Huenda akatikisa mikono. Haimaanishi kwamba mchezo umeharibika. Kurasa nne zingetosha.

Tungekuwa wanafiki tukiyaandika haya pasipo kusema yaliyotupata sisi. Katika shule tunayofundisha kulikuwa na mchezo wa kufunga mwaka, na miongoni mwa watoto waliokuja alikuwamo binti wa miaka 8 ambaye hasemi. Ngoma kubwa ilipopigwa alilia kwa sauti, akajitupa chini, akajipiga kichwa. Nasi, tuliokuwa tukiongoza mchezo, tulisimama mbele ya wazazi wote tukamwambia mama yake amwondoe mtoto, kwani anawaharibia wenzake. Mama alimfunga mgongoni ijapokuwa alikuwa mkubwa, akatoka akiinama. Hakuna aliyetulaumu. Wengine walitushukuru.

Mwaka uliofuata, tukiwa tumekwisha kusoma habari za New York, tulichukua daftari la kurasa 32. Kijana wa darasa la sita ajuaye kuchora alitutengenezea kila jambo kwa mfuatano: lango la shule, mwembe, viti, ngoma, mtu apigaye ngoma, yule kijana avaaye ngozi ya fisi akiwa hajaivaa, kisha akiwa ameivaa. Hatukuandika amri hata moja. Tulimpelekea mama wiki tatu kabla. Alilitazama daftari muda mrefu, na hakutuambia kitu, wala hatukustahili kuambiwa. Mpigaji ngoma tulimwomba aivike ngoma kitenge.

Walikuja. Hawakuketi na watu; walikaa chini ya mwembe, hatua sitini hivi kutoka uwanjani. Ngoma ilipolia binti aliziba masikio, akalifungua daftari, akaweka kidole juu ya picha ya ngoma. Katika tendo la tatu walisogea hata ukingo wa uwanja. Fisi alipotokea binti alicheka, mahali ambapo hapakuwa na kichekesho, na kijana yule alisahau maneno yake kwa kitambo. Kabla ya mwisho waliondoka, bila kuambiwa na mtu.

Watu walipokuwa wakitawanyika, mzee mmoja aliyekuwa ameketi safu ya nyuma alitujia akiwa na malalamiko. Alisema, "Mwalimu, mwaka huu ngoma yenu ilikuwa na homa, haikufika kwetu." Tulimwambia, "Utusamehe, mzee wetu. Mwakani tutakuwekea kiti mbele."